Kilo za Genta

Genta aliposhuka kwenye mizani ya chumba cha mazoezi, babu yake alipiga makofi. Mtoto alikuwa ameongezeka kilo kadhaa ndani ya siku chache tu, na mashindano ya watoto ya mieleka ya sumo, kwenye hekalu la mji, yalikuwa Jumapili.

"Mama Genta, supu yako inafanya kazi," mzee Tokuji alimwambia mkwewe. "Huyu sasa ana mwili."

Chizuru alitabasamu tu. Katika mji wao wa Aomori mtoto anayenenepa ni fahari ya nyumba, na mwalimu wa sumo alikuwa baba mkwe wake mwenyewe. Lakini kope za mwanawe zilikuwa zimevimba, na alipombonyeza mguuni, kidole kiliacha shimo. Mafuta hayabonyei hivyo.

Kesho yake asubuhi alimfuata hadi mlango wa choo.

"Usimwage maji kwanza."

Mkojo ulikuwa wa kahawia, kama chai ya shayiri iliyokolea.

"Tangu lini?"

"Juzi. Hauumi, mama. Usimwambie babu, ataniondoa kwenye mashindano."

Chizuru alikwenda moja kwa moja kwa mzee, aliyekuwa akinywa chai. "Baba, nampeleka Genta kwa daktari."

"Kwa kunenepa? Basi tupeleke sote, mimi ndiye niliyeanza."

"Nenda kwanza ukatazame chooni, baba."

Hakuwa amewahi kumtuma baba mkwe wake popote. Mzee alikwenda. Alirudi, akachukua funguo za gari.

Daktari Hirakata alipima mkojo, damu na presha, kisha akauliza, "Wiki chache zilizopita alikuwa na vidonda?"

"Vya magotini," mzee alijibu. "Watoto wote wa ulingoni walikuwa navyo. Nilimwambia mchanga unakomaza ngozi. Vilipona."

"Ngozi ndiyo iliyopona. Mwili ulipigana na bakteria wa vile vidonda, na mabaki ya vita hiyo yamenasa kwenye vichujio vya figo. Vimevimba. Vinavujisha damu, huku maji na chumvi vinabaki mwilini. Hizo kilo ni maji, mzee."

Mzee Tokuji alitazama mikono yake.

"Atapona?" Chizuru aliuliza.

"Watoto wengi hupona kabisa. Lakini presha imepanda, kwa hiyo tunamlaza. Chumvi apunguziwe, na sumo isubiri."

"Hata chumvi tunayorusha ulingoni kabla ya pambano?" Genta aliuliza.

"Ya kurusha ruhusa. Mwakani."

Genta aligeukia ukutani. Mabega yalimtikisika bila sauti, na mama yake akamsugua mgongo.

Jumapili mkojo ulikuwa umeanza kupauka na presha kushuka. Genta alikuwa amekaa kitandani, akimwangalia mama yake anavyoongea kwa simu. Upande wa pili, kutoka hekaluni, kulisikika kelele za watu, na sauti ya mzee Tokuji ikimwambia mzazi fulani: "Nikasirikie mimi, bwana. Mwanao ana kidonda, haingii ulingoni. Mpeleke hospitali leo hii, usingoje kikauke."

"Nani kashinda, mama?" Genta aliuliza.

"Hawajaanza," Chizuru alisema. "Babu yako bado anakagua magoti."