Mara Kumi na Tano

Maabarani walimwita Bi Barafu, kwa kuwa mikono yake ilishinda kwenye ndoo ya barafu na kwa kuwa hacheki ovyo. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka, uchovu wa kumwingia mtu hadi kwenye meno.

Kazi yake ilikuwa kupasua seli za binadamu. Unazilea wiki tatu kama kichanga, kisha unazipitisha kwenye sindano nyembamba mara kumi na tano, utando upasuke, ubaki na maji yake. Wenyewe waliyaita supu. Supu haina uhai, lakini ukiipa maagizo ya jeni inatengeneza protini kana kwamba bado imo mwilini. Ukipitisha mara chache, seli hazipasuki. Ukizidisha, kiini nacho kinapasuka, na supu ni ya kumwaga.

"Hizi ndizo seli za mwisho," mkuu wake alimwambia asubuhi. "Supu ikikataa, mradi unafungwa, mimi na wewe tukalale nyumbani."

Bi Barafu akaanza kuzipitisha sindanoni, akihesabu kwa sauti. Simu ilikuwa mezani, spika wazi, maana mama yake alipiga mara nane kwa siku, na asipopokelewa hulia. Mama alisahau chakula, alisahau majina, alisahau hata kuwa mumewe alishafariki. Ukubwa jaa, na Bi Barafu aliyapokea yote.

"Umekula, mwanangu?"

"Nitakula, mama. Saba. Nane."

Mara mkuu akachungulia mlangoni kuuliza ufunguo wa friji uko wapi. Bi Barafu akamjibu, akaendelea, kisha mkono ukasita. Kumi? Kumi na tatu? Hesabu ilikuwa imemtoka kichwani.

"Kumi na mbili," sauti ikasema kwenye simu. "Umesimama kwenye kumi na mbili."

"Una hakika, mama?"

"Nimefuma masweta miaka arobaini. Leo wewe ndiye wa kunifundisha kuhesabu?"

Hakuwa na mwingine wa kumwamini. Akapitisha mara tatu, akaweka bomba la sindano chini.

Alasiri waliiweka supu chini ya taa ya buluu. Protini ya majaribio ikang'aa kijani, maana yake supu imekubali. Mkuu alikaa kwenye stuli akajifunika uso. Hakuna aliyeshangilia, nguvu zenyewe zilikuwa wapi?

Bi Barafu akatoka hadi kwenye korido, akapiga simu.

"Mama, imekubali. Umetuokoa."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mwanao."

"Afadhali umepiga," mama akasema. "Tangu asubuhi nimekaa hapa, hakuna hata mmoja aliyezungumza nami."

Machozi yakamtoka, akayaacha. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Basi tuzungumze, mama."