Ndege Iliyotua kwa Trekta

Mtaani kwao hakuna mwanamke aliyesafiri kwa ndege akamfikia Shangazi. Amekaa kiti cha dirishani, amefunga mkanda, ameshuka ngazi na koti la baridi huku kamera za televisheni zikimmulika. Habari hiyo aliitembeza bombani, sokoni na kwenye foleni ya zahanati, na kila alipofika kwenye utamu wake alicheka mwenyewe na kuimwagia maji: ndege haikuondoka chini. Ilivutwa na trekta kutoka nyuma ya karakana mpaka mbele ya jengo la abiria, mwendo ambao yeye, pamoja na goti lake bovu, angeumaliza kwa miguu na bado akapata nafasi ya kugombana na mtu njiani.

Mambo yalianza siku mtoto wa kaka yake alipobisha hodi na kilo ya sukari mkononi. Shangazi alipoiona sukari alijua kijana ana shida, maana akiwa hana shida hupita na gari lake akapiga honi tu. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa safari za nje katika shirika la ndege la taifa, na tangu apate cheo hata mama yake mzazi alimwita Meneja.

Alimwamkia, akaketi ukingoni mwa kochi kama mtu anayeogopa kuchafuka, akaeleza. Ndege ya safari za nje ilikuwa moja, nayo ilikuwa imelala nyuma ya karakana tangu mvua za mwaka jana, ikisubiri kifaa ambacho kila mkubwa aliapa kimeshaagizwa. Kwa bahati mbaya, wizarani yeye alikuwa amesema inakwenda na kurudi imejaa pomoni. Sasa kamati ya bunge inayosimamia mashirika ya umma ilitaka kuja kuwaona abiria wakishuka. Wasipowaona, safari za nje zinafutwa, na yeye pamoja nazo.

Shangazi alimwambia pole, kwa sauti ya mtu anayempa pole jirani aliyeibiwa ufagio. Hapo Meneja akagusa alipojua panauma. Binti wa Shangazi alikuwa ameolewa ng'ambo, na huko alikuwa amejifungua mtoto wa kike ambaye bibi yake alimjua kwa simu tu. Mtoto alishaota meno, alishaanza kutembea, na Shangazi alikuwa hajawahi hata kumfuta makamasi.

“Kamati ikiridhika, Shangazi, abiria wa kwanza ni wewe,” Meneja alisema. “Tiketi naitoa mwenyewe. Utampakata mjukuu wako.”

“Na ndege itaruka?”

“Itaruka. Kifaa kiko njiani.”

“Kinakuja kwa miguu?”

Meneja alicheka cheko la ofisini, lile lisilofika machoni. Shangazi alikubali. Kwa ajili ya kumpakata mtoto yule angekubali hata kushuka kutoka mwezini.

Abiria wengine waliokotwa humo humo katika ukoo na majirani. Alikuwepo shemeji mtu, ambaye kazi yake haijulikani mpaka leo, na sanduku lake lililojazwa mito ya kulalia. Alikuwepo mke wa kinyozi, aliyejipodoa kama anakwenda kuposwa upya. Makoti ya baridi yalitolewa na dobi, yote ya wateja wake, na kila mtu alionywa asitoe jasho, onyo la ajabu kwa jua lile. Meneja aliwakusanya ofisini kwake, chini ya ramani ya dunia iliyojaa vibendera, akawafundisha kushuka ndege. Washuke wamechoka, alisema, ila uchovu wa raha.

Shemeji akauliza uchovu wa raha unakuwaje.

“Ni ule wako,” Shangazi akamwambia, “unaoupata bila kufanya kazi.”

Ndani ya ndege kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya zulia lililokojolewa na panya. Viti vingine vilikuwa vimeng'olewa mito, mtu anakalia vyuma. Mke wa kinyozi alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena, kisha akauliza chakula kinaletwa saa ngapi. Trekta lilipoanza kuvuta, shemeji alifumba macho akaanza kuomba Mungu.

Shangazi alikuwa amekaa karibu na bawa. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akaitazama injini, na mle mdomoni mwa injini akaona nyasi zikining'inia kama ndevu. Juu ya nyasi kulikuwa na kitambaa, manyoya ya kuku, na makinda ya shomoro, midomo wazi, wanalia njaa. Mama yao alikuwa akiruka sambamba na bawa, amebabaika, kwa kuwa nyumba yake inahama na hakuambiwa.

Shangazi hakuwa amesomea ndege, lakini jiko lisilowashwa alilijua. Hakuna aliyegusa injini ile, hakuna kifaa kilichoagizwa, na kama kiliagizwa kilishafika na kuuzwa. Kwa tiketi hiyo, mjukuu angeolewa na kuzaa kabla bibi hajafika.

Waheshimiwa, pamoja na waandishi wa habari, walikuwa wamefungiwa katika chumba cha wageni mashuhuri, chenye soda baridi na pazia zito. Ndege ya nchi nyingine ilipotua kwa kishindo, waliambiwa ndiyo hiyo yetu imefika, wakafuta midomo na kutoka kuwatazama abiria wakishuka. Mbele alikuwa Mwenyekiti wa kamati, tumbo limemtangulia hatua nzima. Alimchagua Shangazi kwa sababu ya mvi zake, akamshika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, huku uso akiupeleka kwenye kamera.

“Safari ilikuwaje, mama?”

“Laini, mheshimiwa. Wala sikuhisi kama tumeondoka chini.”

“Na chakula?”

“Chepesi mno.”

Meneja alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Mwenyekiti akawageukia waandishi, akasema wenye midomo mirefu wamepata jibu lao. Hapo mwandishi mmoja, binti mwenye sauti nyembamba, akauliza kama kamati imewahi kuikagua huduma yenyewe huko angani, au inaikagua hapa chini tu.

Mwenyekiti alijinyoosha. Alisema yeye si mtu wa kukagua kutoka kitini. Wiki iliyopita tu alipanda ndege hii hii, kwenda na kurudi, akakaa dirishani karibu na bawa akisikiliza mlio wa injini mwanzo hadi mwisho.

“Na imesafiri bila kupumzika tangu siku hiyo,” akasema. “Muulizeni Meneja.”

“Kweli kabisa,” Meneja akadakia. “Nilimpokea mwenyewe, hapa hapa.”

Kisha akamkonyeza Shangazi, konyezo la tiketi. Shangazi akaliona. Akamkumbuka mtoto wa kwenye simu, anavyoubusu mdomo wa bibi yake kwenye kioo na kukiachia mate. Akavua koti la watu, akampa shemeji alishike, akaburuta goti lake mpaka chini ya bawa. Kamera zikamfuata, maana kizee anayechechemea huvuta macho.

Mama shomoro alikuwa amefika, mdudu mdomoni. Akaingia kwenye injini, na makelele ya makinda yakasikika mpaka kwenye ngazi.

“Basi hawa mnajuana, mheshimiwa,” Shangazi akasema. “Mlisafiri pamoja.”

Mwenyekiti akaitazama injini. Akamtazama Meneja, na Meneja akavitazama viatu vyake. Mke wa kinyozi akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa mkono wa koti la mteja, rangi ya midomo ikabaki huko.

Mwenyekiti akakohoa, akaiweka sawa tai yake.

“Hawa,” akasema, “nadhani walipandia kituo cha katikati.”

Binti mwandishi akasogeza kipaza sauti karibu zaidi, akamuuliza kwa adabu ni kituo gani.