Sakitu Ilipita Seng'enge

Siku aliyotoka eda, Mwajabu alifua shuka zake mbili nyeupe, akazianika, kisha akaenda kutazama nyanya. Ilikuwa Juni, mwaka 1948, Mikocheni. Kwa miezi minne na siku kumi hakuwa amevuka ua wake. Alikuta seng'enge imepita katikati ya shamba alilopewa na marehemu mumewe, Salumu. Kisima kilikuwa upande wa pili wa waya, na kandokando yake Bwana Haleti, Mzungu aliyejenga nyumba jirani, alikuwa amepanda mawaridi.

Alfajiri ya kesho yake sakitu ilianguka. Ilianguka kwenye shamba la Mwajabu tu. Kwa jirani yake Mfaume, hatua tatu kutoka hapo, mihogo ilikuwa na umande wa kawaida. Mwajabu alimaliza kuswali, akatoka, akakuta majani ya nyanya yamekuwa meupe. Aliligusa moja, likavunjika.

Akaenda kumwita Demetria, mke wa askari, mwenyeji wa Njombe kwenye baridi.

"Shikamoo, mama. Hii sakitu, umande ulioganda. Kwetu inakujaga mwezi huu huu."

"Marahaba. Mie nikadhani mtu kanimwagia chumvi."

"Chumvi ya bure nani akupe?"

Demetria akamfundisha. Mchana amwagilie, maana udongo wenye maji huhifadhi joto la jua. Jua likianza kushuka asimike vijiti, atandaze nguo juu yake bila kugusa majani. Asubuhi jua likipanda, afunue. Mwajabu alitandaza shuka zake na majamvi yote ya nyumbani. Maji aliyafuata mtoni, mbali, na hayakutosha.

Siku ya tatu Mfaume aliona kwamba sakitu haikuishia kwenye waya. Ilipita chini yake, ikazunguka kisima, ikaingia kwenye mawaridi, ikakata kona, ikarudi. Nje ya mstari ule nyasi za Bwana Haleti zilikuwa kijani. Mfaume alipima kwa hatua.

"Mia na arobaini," alisema. "Ndizo hatua za shamba la Salumu, Mungu amrehemu. Tulizipima wote."

Jumbe alikuja na karani wake, Revelian. Bwana Haleti naye alitoka nyumbani kwake. Walitembea juu ya sakitu mpaka kandambili za jumbe zikalowa.

"Mpaka huo," alisema Mwajabu. "Nirudishieni kisima changu."

"Tumeuona, bibi," alisema jumbe. "Lakini sakitu haiwezi kula kiapo. Na wewe, waya ulipopigwa, ulikuja kupinga?"

"Nilikuwa eda."

"Basi hukupinga."

Revelian akaandika: hakupinga.

Bwana Haleti alikuwa ameinama kwenye mawaridi yake. Aliuliza nani anajua dawa ya baridi hii, akaambiwa ni Mwajabu. Akaagiza magunia. Mwajabu angeyafunika mawaridi kila jioni, naye angeruhusiwa kuteka ndoo nne kisimani. Alikubali, kwa kuwa nyanya zilitaka maji.

Mashina ya waridi yalikuwa mia mbili, na sharti lilikuwa yatangulie. Alianza alasiri. Alipopenya chini ya waya kurudi kwake, jua lilikuwa limezama na baridi imeshakaa juu ya nyanya. Alizifunika hivyo hivyo, kisha akaomba, "Ya Rabi, iondoe, au waonyeshe haki."

Sakitu haikuondoka. Ilikuja kila alfajiri, kwenye mstari ule ule, na watu wakaizoea. Wachuuzi wa samaki kutoka Kunduchi walishusha matenga yao juu yake, samaki wapoe kabla ya kufika sokoni. Walimsalimu Mwajabu, wakampa pole ya nyanya, wakaenda zao.

Mwisho wa Julai mche wa mwisho wa nyanya ulianguka. Asubuhi hiyo Bwana Haleti alipita kati ya mawaridi akiwa na kikombe chake cha chai, akasema hajaona hata jani moja lililoungua.

"Ahsante, bwana," alisema Mwajabu, akafunua gunia lililofuata.