Kichupa cha Damu ya Yusrah

Jumanne saa tatu asubuhi, katika kituo kimoja cha afya wilayani Kilosa, Agatha wa maabara alikuwa akibandika majina kwenye vichupa, damu ya mgonjwa wa nne ikamsalimia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akaitikia. Damu za watu wa kijiji cha Masanze zina adabu.

Ilikuwa ya Yusrah, aliyejifungua siku tisa nyuma na kuumwa kichwa tangu Ijumaa. Alikuwa nje kwenye benchi, kitambaa kimekazwa kwenye paji la uso, na mama yake, Bi Shamimu, amempakata mtoto. Damu ilieleza bila papara kwamba imeganda ndani ya mshipa wa kichwani, nyuma ya sikio la kushoto, na kwamba leo bado inatibika.

Agatha akampelekea habari tabibu Wenceslaus. Hakubisha. Aliuliza tu aandike wapi, maana fomu ilikuwa na nafasi ya malaria na ya wingi wa damu. Kipimo cha kuonyesha damu inayoganda kipo, alikisoma chuoni, ila vitendanishi vyake havijawahi kufika, na gari la wagonjwa halitoki kwa maneno ya damu.

"Malaria?"

"Hakuna."

Akaandika hakuna, akaandika na panadol.

Alhamisi Yusrah akashikwa na kifafa akiwa ananyonyesha. Sasa gari likatoka, kwa kuwa kifafa kina nafasi yake kwenye fomu ya rufaa. Alikata roho kabla ya kufika hospitali ya Mikumi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na jambo hili halisemeki kwa upole: angepona.

Kichupa hakikupoa. Kila Ijumaa Bi Shamimu huja na mjukuu mgongoni, hukaa kwenye kiti cha maabara, na Agatha humwekea kichupa kiganjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto amenyonya?"

"Amenyonya, kashiba," husema Bi Shamimu, ambaye kwenye kikapu ana maziwa ya ng'ombe ndani ya chupa ya soda. Halafu hulia, na damu humngoja amalize.

Ijumaa iliyopita, Bi Shamimu alipokuwa bado analia, kichupa kipya kwenye trei kilisema shikamoo, dada. Agatha akaitikia, akakisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta fomu, akatafuta nafasi, akaandika: malaria, hakuna.