Kikwembe cha Mstari wa Mbele

Siku ile mji wa Kamina uliombwa maoni, jambo lililowashangaza wengi. Katika Zaire ya wakati ule mwananchi alizoea kuitwa mkutanoni apige makofi, si aseme. Lakini komisere, mkuu wa serikali pale mjini, alikuwa ametangaza kwamba njia mpya ya baiskeli itachorwa kwa shauri la wenye baiskeli wenyewe.

Wenye baiskeli wakamchagua Mbuyu awasemee. Alikuwa akileta mahindi kutoka upande wa Kaniama, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Neno walilomtuma lilikuwa moja tu: njia isipite kwenye mteremko wa soko. Pale malori hushuka kwa kasi, na baiskeli yenye mzigo haikwepi. Ipite nyuma ya reli, hata kama ni kuzunguka.

Neno hilo lilimkaa Mbuyu moyoni, kwa kuwa mke wake alishuka mteremko ule kwa baiskeli kila asubuhi kupeleka unga sokoni. Aliitwa Noémie. Serikali ilikuwa imekataza majina ya Kizungu ya namna hiyo, lakini serikali haikulala nyumbani kwao. Mbuyu alijizoeza hotuba mbele yake, naye akacheka, akamwambia atakuja kuwa mbunge.

Basi siku ya mkutano Mbuyu akaingia ukumbini, na kwenye mstari wa mbele, pamoja na akina mama wazee, alikuwa ameketi Mama Ngoie, mama mkwe wake.

Asiye Muluba kama Mbuyu atauliza, sasa kuna nini? Kuna mengi. Mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe wake, hamtazami usoni, hapazi sauti alipo. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Tangu aoe, Mbuyu hakuwahi kusemeshwa na mama yule. Akaketi, akainamisha macho kwenye viatu vyake, na macho yakabaki huko.

Komisere akaonyesha mchoro. Njia ilishuka mteremko wa soko. Akauliza kama kuna mwenye neno. Wenzake Mbuyu wakamgusa kwa viwiko, mara ya kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Mbuyu akazidi kuinama. Afadhali aonekane mjinga, alijiambia, kuliko kuonekana hana adabu. Wenzake nao, kwa kuwa walikuwa wamempa yeye neno, hawakuthubutu kumnyang'anya. Makofi yakapigwa. Njia ikalimwa siku za salongo, kazi ya lazima ya watu wote, na Mbuyu mwenyewe alishika jembe.

Mvua zilipoanza, lori la mfanyabiashara mmoja liliteleza mteremkoni. Noémie alikuwa ndani ya njia ya baiskeli, pale pale alipoambiwa apite. Walimkuta unga wake umechanganyika na matope. Mbuyu alilia mbele ya watu, na hakuona haya.

Kwenye matanga aliketi peke yake, ameelekea ukuta. Akasikia mtu anachuchumaa nyuma yake, kisha sauti asiyowahi kusemeshwa nayo.

"Muko wangu," alisema Mama Ngoie, kwa maana ya mkwe. "Siku ya mukutano, juu ya nini haukusema?"

Mbuyu aliujibu ukuta. "Mama, weye ulikuwa mbele. Minyi niliogopa kukukosea heshima."



"Minyi nilikuya kukusikia," akasema Mama Ngoie. "Noémie njo alinituma. Komisere alipouliza, nilikupatia mugongo, nikajifunika kikwembe kichwa yote, kusudi useme bila haya. Bantu bote baliona. Weye haukuona?"

Hapo Mbuyu akavikumbuka vile viwiko vya wenzake. Akakumbuka na viatu vyake: kamba ya kushoto ilikuwa imekatika, naye alikuwa ameitazama mpaka makofi yakaisha.

"Sikuangalia, mama," alisema.

Basi kwa mara ya kwanza tangu aoe, Mbuyu aligeuka kumtazama mama mkwe wake. Alimkuta amempa mgongo, amejifunika kikwembe kichwa chote, analia.