Msichana wa Kikamba, 1949

Kavutha alikuwa akijaribu projekta tu, kuona kama inafanya kazi, nyanya yake alipojitokeza ukutani akiwa uchi.

Alimjua kwa sikio. La kushoto lilikuwa limechanika hadi chini. Mbuzi alilivuta pamoja na hereni, kisa ambacho marehemu alikisimulia mpaka wajukuu wakakichoka. Cha mzungu hakukisimulia. Hicho alimwambia bintiye Munyiva, mama yake Kavutha, peke yake: jinsi mzungu alivyokuja na askari wa chifu, wasichana wakaamriwa wavue nguo wapimwe vichwa na viuno. Munyiva naye alimwambia Kavutha mara moja tu, akilia. Kwamba kulikuwa na picha, hakuna aliyejua. Chini yake waliandika kabila na mwaka. Jina hakuna. Hata ng'ombe wa maonyesho huandikwa jina.

Na Munyiva alikuwa njiani. Alitoka Kinoo asubuhi, akapitia Ngara kununua viatu vya kuvalia wageni, maana Profesa Mbaluka alikuwa amemwalika aje kufungua mkutano kwa maombi. Mkutano wenyewe, cheka ukitaka, ulikuwa wa kurudisha picha za zamani kwa wenyewe.

"Prof, hiyo picha itoke," Kavutha alimwambia Mbaluka alipoingia. "Huyo ni nyanyangu. Na mum anakuja."

"Pole sana. Lakini hiyo ndiyo ya kufungua presentation. Makavazi ya huko Ulaya yametupa ruhusa, iko in writing."

"Ni wao walimvua nguo, na bado ni wao wanatoa ruhusa?"

"Kavutha, wafadhili wako kwa lift. Na thesis yako iko kwa meza yangu, sijasaini. Usinilazimishe."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayeagiza chai. Miaka yote ya kula githeri na kuandika usiku ilikuwa juu ya meza ya mtu huyu.

Ukumbi ukajaa, taa zikazimwa. Simu ikatetemeka mkononi mwake. "Niko hapa chini, mwaitu," Munyiva alisema. Hakuwahi kumwita bintiye kwa jina. Alimwita mwaitu, mama, kwa sababu alimpa jina la mama yake. Hata utotoni hakuwahi kumchapa. Nani anamchapa mama yake?

Kavutha alimwendea Mbaluka, akamnong'oneza. "Prof, binti yako Mwongeli ulimpa jina la nani?"

"La mama yangu," alijibu bila kufikiri.

"Basi muweke yeye hapo. Bila nguo. Hawa wageni wamwone."

Mkono wa Mbaluka ukabaki hewani. Maneno yalikuwa yamemchoma, Kavutha aliona, na akafurahi. Lakini Mbaluka akawatazama wafadhili kwenye mstari wa mbele, akabonyeza rimoti.

Ukuta ukawa wa buluu. Mlango wa nyuma ukafunguliwa na viatu vipya vikalia sakafuni. Juu ya ukuta sikio lililochanika lilianza kuonekana. Kavutha akainama, akashika waya wa projekta kwa mikono miwili, akaung'oa.

Giza. Watu wakaguna.

"Masomo yako yameisha leo," Mbaluka alimwambia kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Stima imeenda, mwaitu?" Munyiva aliuliza kutoka mlangoni.

"Imeenda, mama. Kuja ukae."

Munyiva akapapasa viti mpaka mbele, akauliza kama aombe sasa au angoje taa. Akaambiwa aombe. Akasimama, akamshukuru Mungu kwa siku, kwa wageni, na kwa mama yake aliyemzaa, Kavutha binti Ndambuki, akalitaja jina hilo polepole ili wageni wote walisikie. Kavutha alikuwa bado ameushika waya.

"Amina," ukumbi ukaitikia, na Mbaluka pamoja nao.