Kura ya Kahawa

Watu walimwita Mama Haki, na jina lenyewe alilipenda, mtu asikudanganye. Mwezi mzima alikuwa njiani akizungukia matawi ya jumuiya yake ya kutetea uchaguzi wa haki, akifundisha namna ya kulinda kura na kugawa vitambulisho vya waangalizi. Tawi la mwisho alikuwa ameliweka akiba, maana katibu wake alikuwa shangazi yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Uchaguzi wenyewe ulikuwa Jumapili. Tawi lisilo na vitambulisho lingebaki nje ya mlango kura zikihesabiwa ndani.

Walikutana kwenye karakana ya shangazi. Cherehani zilisukumwa ukutani, vipande vya vitambaa vikafagiliwa chini ya meza ya kukatia, na pale pa kujaribia nguo, penye pazia, pakawa pa kupigia kura. Sanduku lilikuwa boksi la nyuzi lililotobolewa juu. Mama Haki alisifu kila kitu, hata chai aliyoletewa, yenye sukari ya kumfufua maiti. "Sijapata kunywa chai kama hii," alisema, na shangazi akavimba kichwa.

"Leo hatuchagui mtu," Mama Haki aliwaambia wanachama. "Mtu ataleta ugomvi. Tuchague kinywaji cha mikutano yetu, chai au kahawa. Nataka nione mnavyopiga na mnavyohesabu. Mkifanya vizuri, nawakabidhi vitambulisho."

"Kahawa ikishinda ataipika nani?" aliuliza kinyozi, mtani wa tawi zima.

"Wewe," shangazi akamjibu. "Kama vichwa vya watu umeweza kuviharibu, kahawa itakushinda?"

Wakacheka, wakapanga mstari, wakaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia. Mama Haki naye akapiga, waone kwamba kiongozi hana sanduku lake. Alichagua kahawa. Ukweli ni kwamba chai haimpandi kabisa, na kile kikombe alikisifu kwa adabu tu.

Shangazi akamwaga karatasi mezani, akazihesabu kwa vidole vyepesi vya mtu wa vifungo, amewapa watu mgongo. Mama Haki, ambaye huko kote alikopita aliwaonya watu wasimwamini yeyote anayehesabu, hakumsogelea. Utamchunguzaje mtu aliyekuogesha?

"Chai, kura zote," shangazi akatangaza. "Kahawa, hakuna."

Makofi yakalia. Mama Haki hakupiga. Akasogea mezani, akazipekua karatasi moja moja: chai, chai, chai. Kifungu chenyewe kilikuwa chembamba kuliko mstari wa watu waliopiga, na kura yake, aliyoikunja kwa mkono wake mwenyewe, haikuwemo.

"Makubwa haya," kinyozi alisema taratibu. "Mbona mimi nilipigia kahawa?"

"Hata mimi," akasema muuza mboga.

Makofi yakakatika. Watu wakatazamana. Shangazi hakuonyesha hata chembe ya haya. Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa fungu la karatasi nene kuliko lile la mezani, akaliweka mbele ya mtoto wa kaka yake.

"Kahawa ilikuwa imeshinda," alisema. "Sasa mwanangu, utoke huko kote, uisifie chai yangu mbele za watu, halafu ushindwe nyumbani kwenu? Nikutie aibu hivyo?"

Mama Haki alipigwa na butwaa. Angekasirika ingekuwa nafuu. Mwezi mzima amehubiri kwamba mwizi wa kura huja na gari na vitisho, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, kimevaa aproni na futi shingoni, na kinakupenda. Akamshika shangazi mkono, akamvuta nyuma ya pazia.

"Shangazi, uliwahi kufanya hivi mahali pengine? Niambie hapana."

Shangazi alimshangaa, kana kwamba ameulizwa kama aliwahi kumpikia. "Mara moja tu. Ulipogombea uongozi wa jumuiya na yule mwalimu mstaafu. Si mlinipa mimi nihesabu?"

Ni kweli walimpa. Jumuiya ilikuwa changa, watu wachache, meza moja, na kwa uaminifu shangazi hakuwa na mpinzani. Mama Haki alikumbuka alivyobebwa juu juu, na mwalimu alivyompa mkono bila kinyongo, akajiendea zake. Akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Mwalimu alipata ngapi?"

"Zake sikuzihesabu, mwanangu. Za nini?"

"Basi hujui kama nilishinda."

"Nilijua uongozi unautaka sana."

Mama Haki akainuka, akatoka. Wanachama walikuwa wamesimama vilevile, na kinyozi alikuwa akiutazama mkoba wa vitambulisho aliokuja nao Mama Haki.

"Vitambulisho je, Mama Haki? Jumapili ndiyo hii."

"Mtapewa na mtu aliyechaguliwa, nami sina hakika kama nilichaguliwa," alisema, akiufunga mkoba. "Nani hapa ana namba ya simu ya mwalimu?"

Nyuma ya pazia shangazi akaangua kilio, na Mama Haki hakurudi kumbembeleza.